Pipa Lililonyamaza

Majengo, Pumwani
Nairobi
12 Februari 1996

Dada yangu Everline,

Nakusalimu huko Kimilili, wewe na Mama na wanao wawili. Mimi ni mzima wa kutosha kushika kalamu, ila naishika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinisahihishe mwandiko kama unavyowafanyia wanafunzi wako. Miguu ya Mama imeacha kuvimba? Mwambie lile blanketi aliloomba nimelipata hapa sokoni Gikomba. Ni zito, halina hata tundu moja, na nitalituma na mtu wa kwanza atakayepanda basi la kuja huko.

Sasa neno lenyewe. Mbaluka amekufa, yule Mkamba niliyegawana naye banda la kukatia mapipa kwa miaka minane. Jumanne asubuhi pipa lilimpasukia. Mfuniko uling'oka ukampiga usoni. Sitakuandikia nilichokiona, ila nilivua shati nikamfunika nalo na halikutosha.

Pipa lilikuwa la dizeli. Mimi ndiye niliyelileta, na mimi ndiye niliyeliuliza. Najua hujui maana ya kuuliza pipa, basi nikueleze. Hapa kwetu hakuna fundi anayekata pipa kwa moto kabla ya kuliuliza. Unafungua mdomo wake, unasimama kando, unarusha ndani karatasi inayowaka. Likikohoa, hilo ni la petroli au thina, unalijaza maji hadi mabegani ndipo ulikate. Likinyamaza, unakata. Hili nililiuliza mbele ya watu wanne na lilinyamaza. Nikamwambia Mbaluka, "Kata tu, hii ni dizeli, haiwaki." Alikuwa amekodi gesi ya kukatia ili tumalize haraka oda ya makarai. Hakukata hata shibiri mbili.

Ubaya ni kwamba wiki moja kabla yake tulikuwa tumepigana, mimi na yeye, kwa ajili ya upande wa banda wenye kivuli. Nilimtoa damu puani, akanipasua mdomo, na jioni ile ile tukanywa chai pamoja. Sasa kila mtu anaikumbuka ile damu na hakuna anayeikumbuka chai.

Ndugu yake Mbithi, dereva wa lori, alikuja na wenzake watatu. "We Mluhya, ulipea brathe yangu pipa ya petroli na ulikuwa unajua!" Nikasema niliuliza pipa. "Ulirusha karatasi imezima!" Wakaulaza mkono wangu wa kulia juu ya chuma cha kufulia mabati, na Mbithi akavipiga vidole kwa nyundo yangu mwenyewe. Amevunja vitatu. Anab, mwenye nyumba wangu, amenifunga kwa vijiti na leso huku akiwatukana kwa Kisomali mpaka nikacheka.

Mzee Kiilu, mwenyekiti wa mafundi, ameitisha kikao tarehe 30 Machi. Nisipoonyesha jinsi dizeli ilivyoweza kupasua pipa lililonyamaza, mafundi watanitoa mikononi mwao, na Mbithi ameapa mbele ya watu wote kwamba atanimwagia petroli aniwashe. Hatanii, Everline. Wiki iliyopita watu walimchoma mwizi wa mitumba pale chini mtoni na hakuna aliyewauliza kitu.

Wewe unafundisha kemia. Niandikie sababu.

Ndugu yako,
Nyongesa


Kimilili
8 Machi 1996

Nyongesa,

Sisi tuko salama. Miguu ya Mama imepungua uvimbe. Kijana wangu amepata nambari ya tatu darasani na anatembea kama mkuu wa wilaya. Baba Mdogo Kweyu anataka tulijengee kaburi la Baba kwa simiti mwezi wa nane, na anasema watoto wote wahudhurie isipokuwa wewe. Nilikaa kimya. Barua yako ililala wiki tatu kwenye droo ya karani wa shule, na nilipoisoma nilimpigia makelele mbele ya wazazi waliokuja kulipa karo. Bado sijamwomba radhi na sina haraka.

Wale watu ni wanyama. Nimewaza vidole vyako mpaka nimeshindwa kula.

Sikiliza sasa, na usome pole pole. Kila kitu cha majimaji kimejaa chembe ndogo tunazoziita molekuli, nazo zimeshikana. Kuchemka ni moto kushinda ule mshiko. Molekuli zikishikana kwa ulegevu, joto kidogo tu linazitenganisha na zinaruka kuwa mvuke. Zikishikana sana, utachochea moto mpaka utoe jasho.

Za petroli ni fupi, zinagusana mahali pachache, ndiyo maana zinaachana hata kwa jua la Gikomba. Ukiliuliza pipa lake linakohoa kwa sababu tayari limejaa mvuke. Za dizeli ni ndefu, mara mbili hata tatu ya zile. Zimelaliana urefu wote, na kila zinapogusana pana mvutano mdogo. Mvutano mmoja ni kitu cha bure, lakini hapo iko mingi. Nyingi haziachani kabla ya nyuzi mia mbili, mia tatu. Kwa hiyo pipa la dizeli likiwa baridi halina mvuke wa kutosha kushika moto. Lilikujibu kweli, Nyongesa, ila lilijibu likiwa baridi.

Kisha Mbaluka akaliwekea mwali. Bati likaiva, dizeli iliyobaki kwenye mishono ikachemka, mvuke ukachanganyika na hewa ya ndani, na moto ulikuwa papo hapo unangoja. Mngelikata kwa patasi na nyundo kama zamani, leo angekuwa anakugombeza. Hilo pipa lilihitaji maji mabegani kama lile la petroli, na huo mtindo wenu wa kuuliza uacheni leo.

Maji yenyewe ni ya ajabu. Molekuli zake ni ndogo kuliko zote hizo, na kwa udogo huo zingeruka kabla ya petroli. Lakini haidrojeni ya moja inavutwa na oksijeni ya jirani yake, zinashikana kwa nguvu, na maji hayachemki mpaka nyuzi mia. Habari za maji zinatosha hapo.

Kikaoni fanya hivi. Weka vijiko vichache vya dizeli katika kopo. Ikiwa baridi, watie kijiti chenye moto wenyewe, waone kinavyozima. Halafu kopo liketi juu ya jiko mpaka litoe moshi, wasogee mbali, na uwashe ule moshi kwa kijiti kirefu. Utashika. Wakishaona hilo hawatakuwa na la kusema.

Funga vidole vizuri na umshukuru Anab kwa niaba yangu.

Dada yako,
Everline


Majengo
20 Machi 1996

Mwalimu wangu,

Asante. Barua imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa ugali, sijui ni posta au ni majirani. Wapwa zangu unisalimie, na huyo nambari tatu mwambie mjomba wake alikuwa nambari ya arubaini na hajafa.

Nilijaribu nyuma ya nyumba na ikawa kama ulivyosema. Ikiwa baridi, kijiti kilizama ndani yake kikafa kama kimetiwa kwenye uji. Ikiwa moto, ilishika na mngurumo hata nikaruka.

Jumapili wenzake Mbithi walivunja mlango wangu. Mmoja alinipiga rungu mgongoni, mwingine akanikalia kichwani huku wa tatu akitafuta hizo barua zako, wamesikia kuna dada mwalimu anayenitungia uongo. Anab alitoka na sufuria ya maji ya chai yanayochemka. Walikimbia. Yeye naye akayamwaga yote mtaroni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu. Umenieleza yote ila namna ya kuzima ule moto. Umeandika, "Habari za maji zinatosha hapo." Miaka kumi na saba, Everline, na sijawahi kukuomba useme. Sikuombi useme sasa. Lakini kikao kitakuwa na watu wengi, na ndoo za maji ziko kila upande kwa sababu ya mapipa. Mimi mshtakiwa nikisema waziondoe, watadhani nataka kuwachoma. Niandikie jambo hilo kwa mkono wako, kama mwalimu, uweke na muhuri wa shule. Nitamwomba Mzee Kiilu alisome kwa sauti kabla sijawasha.

Ni karatasi moja tu. Iharakishe.

Nyongesa


Kimilili
2 Aprili 1996

Nyongesa,

Nimeruka salamu. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana. Kila nikifika kwenye neno maji ninaliona lile jiko la nyumbani.

MSIMWAGE MAJI kwenye mafuta yanayowaka. Funikeni kopo kwa kipande cha bati, moto utakufa wenyewe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini yake. Yenyewe yanachemka kwa nyuzi mia na huko chini yanakuta nyuzi mia mbili na zaidi, basi yote yanageuka mvuke kwa mara moja, yanavimba zaidi ya mara elfu moja na mia tano, na kurusha mafuta yote juu.

Muhuri huo hapo chini. Najua kikao kimepita. Nimeiandika hata hivyo, nikitumaini kimeahirishwa.

Everline


Majengo
13 Aprili 1996

Dada,

Natumaini Pasaka iliwakuta vizuri na kwamba Mama alikula nyama. Hapa Anab alinipa nusu ya kuku wake ingawa si sikukuu yake. Barua yako ilifika jana. Kikao hakikuahirishwa.

Tulikaa nje ya banda, watu kama mia. Nilimwambia Mzee Kiilu ndoo ziondolewe. Akanijibu, "Kijana, hapa hatuwashi moto bila maji karibu. Hiyo ndiyo sheria yetu." Watu wakapiga makofi. Nikaacha.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Mbithi mwenyewe alitia kijiti kwenye dizeli baridi. Kilizima. Akatia kingine, kikazima. Kopo likakaa jikoni, moshi ukaanza, nikawarudisha watu nyuma, nikawasha. Mwali ulipanda mpaka usawa wa kifua changu. Wanawake wa mitumba walipiga kelele. Mzee Kiilu akavua kofia, akasema, "Huyu alisema ukweli. Sisi wote tungeliuliza hilo pipa na tungelikata." Nikajua nimepona. Nikashika nguzo.

Mbithi alikuwa anautazama ule moto. Nadhani ndipo alipoelewa jinsi nduguye alivyokufa, kwa sababu alianza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, akisema "Zima! Zima hiyo kitu!" Hakuna aliyesogea. Akainua ndoo.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nilikuwa na kile kipande cha bati miguuni, nilikiweka hapo mwenyewe. Nilikuwa na muda wa kusema "Wacha!" Ningelisema mara mbili, muda ulikuwepo. Niliangalia vidole vyangu vitatu vilivyofungwa na nikanyamaza.

Unajua kilichofuata, huhitaji nikuandikie. Moto ulisimama juu kuliko banda. Ulimpata Mbithi usoni, kifuani, na mkono wote wa kulia. Ngozi ilitoka pamoja na shati walipomvua. Alilia kilio kile kile cha Baba. Nilikuwa nimekisahau, nikakisikia tena Gikomba.

Watu wanasema ni ajali. Mzee Kiilu alikuja hapa kuniomba radhi kwa mkono wangu, ameniletea kilo mbili za nyama. Siwezi kuila. Hatia ile ya kwanza haikuwa yangu. Niliibeba kwa sababu wewe ulikuwa na kichwa cha shule na mimi sikuwa nacho, na sikuwahi kujuta. Hii ni yangu, na anayeijua ni wewe peke yako.

Nyongesa


Kimilili
24 Aprili 1996

Ndugu yangu mpenzi,

Mama anakusalimu. Hizi si salamu zangu nilizotia mdomoni mwake kama miaka yote. Ameniambia niziandike hivi: "Mwambie mwanangu namsalimu na aje nyumbani."

Jumamosi nilimwita Baba Mdogo Kweyu nikamkalisha mbele ya Mama. Nikasema yote. Kwamba Baba alikuwa amemshika Mama shingoni anamwinamisha juu ya karai la mandazi, nywele zake zikianza kuungua. Kwamba mafuta yalikuwa yametulia, hayatoi hata povu, nikadhani hayana moto sana. Kwamba mimi, msichana wa miaka kumi na tano, ndiye niliyemrushia Baba jagi la maji ili amwachilie, na maji yakaingia kwenye karai, Mama akachomoka, mafuta yakamlipukia Baba. Wewe ulikuwa mlangoni na kuni. Ulipowaambia wazee ni wewe, nilikuwa nimesimama nyuma yako na jagi likiwa bado mkononi, na niliwaacha wakufunge kwenye mti na kukupiga mpaka ukazimia. Siku tisa Baba alilia katika chumba cha pili, na siku hizo zote sikufungua mdomo. Halafu nikaenda kusomea kwa nini maji yanafanya hivyo.

Baba Mdogo alinipiga kwa bakora yake. Nina miaka thelathini na miwili na nimepigwa mbele ya watoto wangu, na sikukimbia. Bega langu limetoka mahali pake na limerudishwa. Mama ndiye aliyeishika ile bakora. Akasema alikuwa ameliona jagi tangu siku ile, na alinyamaza ili nipate kusoma. Nimekasirika naye kuliko nilivyomkasirikia Baba Mdogo. Bado hatujasemezana vizuri.

Kama ningeliandika neno moja mwezi wa tatu, huyo mtu angekuwa na uso wake. Kwa hiyo usiseme ni yako peke yako, hiyo nakukataza.

Lakini sehemu yako ipo, Nyongesa. Nenda hospitali umwambie. Ninakuja huko tarehe 3 Mei kuwaona watu wake, na nitamweleza yangu. Sitaki nimkute bado anadhani ni ajali.

Everline


Majengo
30 Aprili 1996

Everline,

Salamu kwenu nyote, na kwa Mama zake peke yake. Hii naituma na mwanamke wa kwetu anayepanda basi kesho, pamoja na blanketi. Nilivyolifunga na mkono mmoja utaona mwenyewe, usicheke. Bega lako likandwe kwa maji ya moto kila asubuhi.

Nilikwenda jana. Siku tatu zilizotangulia nilifika mpaka lango la hospitali na kurudi. Wodi ya walioungua ina harufu ambayo mimi na wewe tunaijua. Mbithi alikuwa amelala chali, jicho moja limefunikwa, mkono mzima ni ule wa kushoto. Alifikiri nimekuja kumwomba asamehe mambo ya pipa, akaanza kusema yeye ndiye aliyenikosea. Nikamkatiza.

Nikamwambia, "Nilikuona ukiinua ndoo. Nilijua itafanya nini. Nilikuwa na nafasi ya kukuzuia na sikukuzuia, kwa ajili ya hivi vidole."

Jirani yake wa kitanda alikuwa anakohoa. Mbithi akasema, "Leta mkono."

Nikampa wa kushoto.

"Ule mwingine."

Nikampa. Akavishika vile vitatu alivyovivunja, ambavyo vimeunga vibaya na bado vinauma, akavifinya. Nililia, Everline, sitakuficha, nililia mpaka wodi nzima ikageuka. Muuguzi akaja mbio, "We mgonjwa, mwachilie huyo!" Mbithi akamwambia, "Enda, sister. Tunaongea." Muuguzi akasimama hapo hajui afanye nini.

Nikangoja afinye tena. Hakufinya. Lakini hakuniachilia, alikaa amenishika hivyo hivyo mpaka kengele ya wageni ikalia, na hakusema neno lingine ila moja. Aliniambia nirudi leo na chai ya maziwa, na niilete ikiwa vuguvugu, kwa sababu midomo yake haiwezi kitu cha moto.

Anab ameitengeneza. Nimeiweka dirishani ipoe, na ikifika mahali pa kunyweka nitaondoka nayo.

Nyongesa